Makande ya Evodia

Evodia wa Gare hakuwa mtu wa kumkaidi daktari. Alipoambiwa figo zimechoka, apunguze chumvi, alitoa kopo zima akamkabidhi Glory, mke wa mwanawe, na kumwonya lisionekane tena jikoni kwake. Baadaye damu ikaonyesha potasiamu imepanda. Muuguzi Mwanaheri akamweleza kwamba madini hayo yamo kwenye vyakula vingi, na figo zikishindwa kuyatoa, moyo unaweza kusimama hata kama mtu hasikii maumivu popote. Evodia akaacha ndizi. Akaacha na parachichi, nao mti uko mlangoni. Akabaki kutazama ndege wakila kwa niaba yake.

Kipimo cha pili kikaja juu zaidi. Daktari akamwongezea dawa, akasema isiposhuka ndani ya wiki, ni Tanga, kusafishwa damu kwa mashine. Evodia alirudi amenuna, akamwuliza Glory kama kuna mtu anamlisha ndizi usingizini.

Kesho yake akarudi kliniki na bakuli la makande, mahindi na maharage yake ya kila siku, waone wenyewe anachokula. Mwanaheri akamwamkia, akaonja. Mahindi yaliyeyuka mdomoni.

“Mama, umeyalainisha na nini haya?”

“Majivu tu, mwanangu. Nachoma maganda ya ndizi, majivu yake nayatia kwenye chungu chenye matundu, namwagia maji. Yanayochuruzika ndiyo napikia. Chumvi huikumbuki.”

Mwanaheri akaweka kijiko chini. “Kwa hiyo ndizi umeacha, ila maganda yake unayanywa.”

Akamweleza kwamba potasiamu haiungui. Hubaki majivuni, na maji huichukua yote. Evodia akalifunika bakuli, akalisogeza mbali naye.

Majivu yakaenda kurutubisha kabichi bustanini. Maharage sasa yalilowekwa, yakachemshwa, maji yakamwagwa, na yakaliwa kidogo. Viazi vilimenywa, vikakatwa vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi, nayo yakamwagwa.

Wiki ilipoisha, potasiamu ilikuwa imeshuka. Tanga ikafutwa, ila akaagizwa apime damu kila mwezi.

Jioni ile makande yalikuwa magumu, taya zikafanya kazi. Glory akathubutu kusema hayana ladha kama ya zamani.

“Tafuna,” Evodia akamwambia. “Hiyo ladha nusura inizike.”