Meza Moja Iliyobaki Mvara

Kosa la wengi wanaoweka mitambo ya kale nyumbani ni kupima chumba. Wanatazama kutoka ukuta hadi ukuta, kisha wanasema: hapa itaenea minane.

Rafiki yangu Ezati hakupima chumba. Alipima watu.

Jana tulimzika kijijini kwao Logiri, na moyo wangu bado haujakubali. Asubuhi hii nimeshika simu nimpigie, nimsimulie mazishi yake yalivyokwenda.

Wengi mnaonifuata hapa niliwafundisha, mnajua siwezi kutaja kitu bila kukieleza. Basi nivumilieni.

Ezati alikuwa na meza za gololi. Ni meza ya mchezo, ina kioo juu na imeinama kidogo. Unarusha gololi ya chuma kwa springi, inagonga kengele, taa zinawaka, nawe unaizuia isitumbukie chini kwa vipini viwili vinavyorukaruka ukibonyeza vitufe vya ubavuni.

Alizipata kwenye baa moja iliyofungwa ng'ambo, Kongo. Akazivusha mpakani kwa lori, zimefunikwa turubai. Njiani watu walivua kofia wakidhani ni majeneza. Hadithi hiyo aliisimulia mpaka nikaichoka. Leo ningeisikiliza tena tangu mwanzo.

Zilikuwa nane, sebuleni kwake mtaani Mvara. Viti vya wageni vilihamia barazani, na mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwauliza wageni kama wamekuja kukaa au kucheza.

Kila meza aliipa mwenyewe wake. Mwenyewe, kwa Ezati, ni yule anayekuja kuicheza. Ya dirishani ilikuwa ya Mama Furaha, muuza vitenge kutoka Kongo, aliyecheza huku akiimba na kuipiga kofi kama mbuzi mkaidi. Mbili za karibu na mlango zilisimama bega kwa bega: moja yake, moja yangu.

Yeye Mlugbara, mimi Mkakwa wa Lurujo, kule Koboko. Kilichotuunganisha ni Kiswahili chetu cha mpakani, na ndicho alichonitania nacho. "Mwalimu, wewe iko na vyeti mingi, lakini mkono yako iko ya mutu anapalilia muhogo."

Mama Furaha aliporudi kwao kulea wajukuu, Ezati alimngoja mvua zote zikaisha. Kisha akaitoa meza ile, akawapelekea vijana wa ukumbi wa kanisa.

Nilimlaumu. Ilikuwa nzuri kuliko zote! Akanifungulia kioo cha meza nyingine, akanionyesha vipande vya mpira vinavyoirudisha gololi. Alivikata mwenyewe kutoka tyubu za pikipiki za boda.

"Mpira kama haigongwi, inakauka, inapasuka," aliniambia. "Mwenyewe hatakuja tena. Mpe mutu anakuja."

Ndivyo zilivyopungua. Mmoja alihamishwa kazi, mwingine aliokoka akaacha michezo, mwingine tulimzika. Kila mara Ezati alingoja kwanza, halafu akaulizia ni wapi kuna watu.

Mkewe alipofariki, na miguu ya Ezati ikaanza kumsumbua, zilikuwa zimebaki mbili tu. Yake na yangu.

Binti yake Driciru, aliyeolewa Koboko si mbali na kwangu, aliniomba nimshawishi baba yake ahamie kwake. Nyumba yake ni ndogo. Ina nafasi ya mzee na meza moja.

Nilikwenda na hoja zangu zimepangwa kama somo. Ezati alinisikiliza akipangusa kioo. Akasema hawezi kuchagua kati ya meza yake na yangu, kwa hiyo nisimharakishe.

"Ikibaki moja, nakuja Koboko."

Nilimwambia nitarudi nikishavuna simsim, yaani ufuta, tumalize mashindano yetu. Akanijibu nije na mkono mwingine.

Simsim ilikuwa bado inakauka kwenye vichanja Driciru aliponipigia. Nilisikia tu anavyopumua, nikajua.

Nilipofika Mvara, waombolezaji wamejaa hadi barabarani. Sebuleni nilikuta meza moja. Yangu. Kioo kinang'aa, na ndani vipande vya mpira vyote ni vipya.

Nitawaambia ukweli: kwa pumzi moja nilifurahi. Nilidhani mzee alikuwa amekubali kuhama, akachagua.

Ndipo Driciru akanieleza. Wiki iliyopita alikuja kumtazama, akamkuta baba yake ameita pikapu, anaipeleka meza yake mwenyewe kwa wale vijana wa ukumbini. Akamuuliza sababu. Ezati alijibu kama alivyojibu siku zote.

"Mwenyewe hatakuja tena."



Alijua kifo kinakuja, na hakutuambia waziwazi. Alijipima kwa kipimo kile kile alichotupimia sisi wote. Yangu aliibakiza, akaibadilishia mipira, kwa kuwa mimi nilisema nitakuja.

Nimekuja, Ezati. Watu wakiimba nje, nilirusha gololi moja. Ilipita katikati ya vipini kabla sijabonyeza. Mkono ni ule ule wa kupalilia muhogo, na hakukuwa na wa kunicheka.

Ulisema ikibaki moja utakuja Koboko. Imebaki moja, ndugu yangu. Kesho naisindikiza hadi kwa Driciru. Wajukuu wako wameshaanza kugombania nani atakuwa mwenyewe, na mimi nitawafundisha vibaya, kama ulivyozoea kuniona nikicheza.

Pumzika Logiri, rafiki yangu. Miguu haiumi tena. Usingizi wako uwe mtamu.

Nanyi mnaosoma: yupo mtu uliyemwambia utakuja. Nenda kwake leo.