Maji ya Madafu

Mwenyekiti Bonifasi alipotangaza kwamba kijiji kimevishinda vingine kwa mihogo na dagaa, na kwamba wajumbe watatu watapelekwa Dar es Salaam kwenye sherehe za Saba Saba kisha wavushwe hadi Unguja wakatembezwe, mkutano mzima uligeuza shingo upande mmoja. Walimtazama Selestini.

Selestini alikuwa anashona wavu. Sindano ikamchoma kidole.

"Bwana Unguja!" wakapiga makofi. "Kiongozi wa msafara tunaye hapa hapa!"

Niwaambie ukweli, na katika pwani yote ya ziwa letu, toka Ilagala mpaka Ujiji, hayupo anayeujua ukweli huu kama mimi: Selestini hakuwahi kuiona Unguja hata kwenye picha. Mwaka wa Uhuru alipanda treni Kigoma, amesindikizwa na ngoma, anakwenda kuiona bendera mpya ikipandishwa Dar es Salaam. Kabla ya Tabora homa ikamwangusha. Wakamshusha stesheni ya Tabora. Alipopata nafuu, bendera imeshapanda na nauli imeshaliwa, akaajiriwa kuosha masufuria kwenye mgahawa wa karibu na stesheni hiyo. Huko ndiko alikoiona Dar es Salaam, kwa masikio, wasafiri wakila na kusimulia. Abiria mmoja mnene, mtu wa pwani, kila akimaliza wali alisikitika: "Ah, ningepata maji ya madafu ya Unguja! Matamu, baridi, unakunywa mpaka unasahau kwenu."

Sasa sisi huku kwetu tuna michikichi. Mnazi tungeujulia wapi? Selestini akaamini Madafu ni jina la mahali, kama vile Ujiji au Kidahwe: kuna ghuba huko Unguja iitwayo Madafu, na maji yake ni matamu. Aliporudi, maana mtu aliyesindikizwa na ngoma hawezi kurudi akasema aliishia Tabora, akasimulia jinsi boti lilivyopita Madafu, na yeye akainama ubavuni, akachota, akanywa. Kuhusu chumvi hakuna aliyeuliza. Chumvi inatoka Uvinza, kila mtu anajua. Bahari nayo iitoe wapi?

Hadithi hiyo ndiyo iliyomwoa Leonia. Feliksi alikuwa na mitumbwi na taa za karabai za kuvulia dagaa usiku, na wazee walimtaka yeye. Leonia akakataa. "Namtaka aliyeyanywa maji ya Madafu," alisema, "na siku moja atanipeleka niyanywe." Selestini akaapa. Wakamzaa Ignas na wadogo zake, vijiji vya ujamaa vikaja, watu wakahamishwa na vyungu vyao kichwani, na kiapo kikahama nao.

Na sasa akina mama, bila hata kubishana, walimchagua Leonia kuwa mjumbe wao.

Selestini alijaribu kila mlango. Kwanza mguu ukamuuma.

"Utabebwa," alisema Bonifasi, ambaye ndiye mjumbe wa tatu. "Hatuufuati mguu wako. Tunafuata macho yako, yaliyokwisha kuona."

Akasema nyavu za kijiji zitaoza. Vijana wakazishona zote kwa siku mbili, kwa heshima yake. Akarudi nyumbani akamkuta Leonia anasugua kikombe cha bati kwa mchanga wa ziwani hadi kinang'aa.

"Hicho cha nini, Mama Ignas?"

"Cha Madafu," alijibu, na akacheka kama msichana. Selestini alitamani ardhi ya ujamaa ipasuke.

Treni ilipokaribia Tabora alijifunika kitenge cha mkewe gubigubi, akasema homa. Lakini mama muuza chai wa pale stesheni, aliyemjua tangu enzi za mgahawa, ana macho gani! Alichungulia dirishani akakitambua kisigino kilichotokeza.

"Selestini! Selestini Mwosha Masufuria! Si wewe?"

Kitenge hakikutikisika. Treni ilipoondoka ndipo sauti ikatoka ndani: "Anamtafuta Selestini mwingine. Jina hili la ubatizo lina watu wengi."

"Ahaa," alisema Leonia.

Dar es Salaam alikata shauri la kuwa mwalimu. Kila walipofika mahali, akakunja mikono nyuma na kuuliza, "Haya, nani ataniambia hiki ni nini?" Bonifasi, aliyejua kusoma na kupenda kusifiwa, akasoma kila kibao kwa sauti kubwa, na Selestini akaitikia kwa kichwa: "Vizuri. Endelea." Hivyo ndivyo alivyoonyeshwa mnara wa saa, sanamu ya askari na bandari, vyote na mgeni mwenzake.

"Na ile nyumba inayokupandisha juu kama ndoo ya kisimani?" aliuliza Leonia. "Ulisema uliipanda."

"Ile ni ya asubuhi tu. Mchana inapumzika."

Selestini alijihisi kama dagaa aliyefuata taa: ameingia kwa furaha, na sasa anazunguka tu, kila upande wavu. Hata Unguja, walipotembezwa kuona milango ya nakshi mjini na mashamba ya karafuu, hakuona kitu. Alikuwa anasikiliza kama kuna mtu atakayetamka neno Madafu.

Siku ya mwisho wenyeji wao wa chama waliwapandisha kwenye boti dogo la mashine wakaone kobe wakubwa katika kisiwa cha Changuu. Nahodha aliitwa Hamdani. Katikati ya safari, mashine inanguruma, Leonia alifungua kifurushi chake. Kikombe kikang'aa juani.

"Baba Ignas. Madafu ndiyo hapa?"

Selestini alitazama kushoto. Maji. Akatazama kulia. Maji. Ziwani kwetu anaogelea kama samaki mgebuka, lakini hapa aogelee aende wapi?

"Ndiyo hapa hapa," alisema.

Leonia akainama kama wainamavyo mama zetu wote wakivuka kwenda soko la Ujiji: akafukuza povu kwa kitako cha kikombe, mara mbili, kisha akachota pale palipo safi. Hakunywa. Akakishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo ndani ya boti, akampa mumewe.

"Mwenyeji anatangulia."

Selestini akanywa funda kubwa, la mtu mwenye kiu na uhakika.

Kwanza alidhani kikombe hakikuoshwa. Halafu akadhani Uvinza yote imemwagwa humo. Koo likafunga mlango, macho yakafungua bomba. Akameza. Mbele ya mkewe, angefanya nini? Akameza.

"Vipi?" aliuliza Bonifasi.

"Matamu."

"Mbona unalia?"

"Nimekumbuka ujana."

"Nipe na mimi basi," alisema Leonia, akanyoosha mkono. Selestini alimtazama usoni, uso ule uliomkataa Feliksi na mitumbwi yake yote, akajua kwamba akionja tu, ndoa yote itakuwa imejengwa juu ya chumvi. Akakinywa kikombe chote.

"Baba Ignas! Hata tone?"

"Kiu, mama. Kiu." Akachota mwenyewe kingine, haraka, kabla hajanyang'anywa, akakigugumia.

Hapo ndipo Hamdani alipogeuka. "Ebo! Bwana wee, unakunywa bahari?"

"Si ndiyo maji ya Madafu?" alisema Leonia.

Hamdani alicheka mpaka boti likaenda upande. "Madafu si pahala, bibi wee! Madafu ni nazi changa, juu ya mnazi, ndani mna maji. Tukifika nitakuangulieni. Haya ya huku hata kuku hayanywi!"

Selestini akainamia ubavuni na kuirudishia bahari mali yake. Alibaki ameinama hata baada ya tumbo kutulia, kwa sababu kuinuka maana yake ni kutazamwa.

"Bwana Unguja," alisema Bonifasi taratibu. "Wewe ulisema ulichota. Ukanywa. Ukasema asali."

Leonia akakichukua kikombe. Akafukuza povu mara mbili. Akachota kidogo, akaonja, akameza bila kukunja uso. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, na Selestini hakuweza kusoma kilichoandikwa pale, maana Bonifasi ndiye aliyekuwa msomaji.

"Mimi naona matamu, Mwenyekiti," alisema Leonia.

"Mama Ignas! Ni chumvi tupu!"

"Onja wewe basi."

Bonifasi akaonja, akatema, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Tukirudi utasema nini?" aliuliza Leonia. "Kwamba mtu uliyemsimamisha wewe mbele ya mkutano, ukasema unafuata macho yake, hajawahi kufika? Na wewe ndiye uliyemsomea vibao mji mzima?"

Mwenyekiti alifikiri. Boti likaruka mawimbi mawili matatu.

"Ukitulia nayo mdomoni," alisema, "kwa mbali kuna utamu."

Changuu, Hamdani aliwaangulia madafu kweli. Leonia alikunywa mawili akafumba macho. Selestini alipewa lake, lakini tumbo likakataa. Mpaka leo hajui yana ladha gani.

Walipokelewa kijijini kwa ngoma. Leonia alisimulia vizuri kuliko wote, na hakumwangusha mumewe hata kwa neno. Lakini tangu siku ile, kila mgeni akija, na Selestini akikohoa kuanza habari za Unguja, Leonia anatoka ndani na kikombe cha bati, anapiga goti kidogo kwa adabu zake zote.

"Baba Ignas, maji ya Madafu. Koo lisikauke."

Ni maji ya ziwa letu, ila ameyakorogea chumvi ya Uvinza bila ubahili. Na Selestini anayanywa, wageni wakimtazama, mpaka tone la mwisho.

"Vipi?" mkewe anauliza.

"Matamu."

Watu wanashangaa siku hizi hadithi zake zimekuwa fupi.

Jioni moja, wakianika dagaa, alimsogelea. "Mama Ignas, utanisamehe lini?"

"Ya botini nilikusamehe mle mle botini. Si uliyanywa ili nisiyanywe mimi? Niliona." Akapangua dagaa kwa kiganja. "Hii ni ya yule Selestini mwingine. Nangoja aje anisimulie mwenyewe. Siku akinisimulia Tabora, nitamletea maji mazuri."

Selestini alikaa chini mchangani. Akajikuna kisigino. Maneno yalikuwa karibu kabisa, mama muuza chai, homa, masufuria yale meusi, hata harufu ya mgahawa ilimjia. Akafungua mdomo.

"Hodi! Bwana Unguja upo?" Sauti ya Bonifasi ilitoka njiani. "Nimekuja na wageni kutoka Mwandiga, wanataka kukusikia!"

Leonia alikuwa ameshainuka. Ndani, kikombe kikagonga mtungi.