Dirisha Lililopigiliwa Misumari Kola

Siku yangu ya kwanza kazini kama afisa mdogo wa afya nilivaa viatu vipya vilivyonibana hadi jioni. Afisa wa Afya wa Wilaya, mkubwa wangu wa kwanza, alinitazama akatikisa kichwa. "Mama, wenzako wakiingia boma la watu hukimbilia kukagua choo," akasema. "Wewe anza na dirisha."

Nilidhani ananichezea. Kumbe virusi vya mafua husafiri kwa pumzi. Mgonjwa akikohoa, akicheka, hata akiimba, vitone vidogo hubaki vikielea chumbani, na kila aliyemo huvivuta. Hewa ikipita, vitone hivyo hupungua. Hiyo ndiyo tuliita kupitisha hewa, na nimeihubiri mpaka sauti ikakauka.

Katangi, kituo changu cha kwanza, kazi ilikuwa rahisi, maana joto la huko halimruhusu mtu kufunga dirisha. Halafu nikahamishiwa Kola. Weh, baridi ya Julai! Watu walikuwa wanaziba madirisha kwa magunia, na nyumba moja nilikuta dirisha limepigiliwa misumari kabisa. Mle ndani mlikuwa na mtoto njiti, ametoka juzi hospitali alikolazwa kwa ajili ya kifua. Daktari alishasema mafua mengine yangeweza kumwondoa duniani. Na majirani walikuwa wamejaa kumwona, nusu yao wanakohoa.

Nilimvuta kando nyanya yake, nikamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, hawa watu watoke."

"Nifukuze wageni? Wamebeba kuni na uji, halafu mimi niwaonyeshe mlango?"

Alikuwa na haki yake. Nikamwambia asimfukuze mtu, awapeleke tu kwenye jua, nyuma ya nyumba, chai inywewe huko. Alinung'unika, lakini akachukua nyundo akang'oa misumari mwenyewe. Kisha akamfunika mtoto blanketi mbili, akamwinua pale dirishani, na wageni wakampigia vigelegele kutoka kwenye viti vyao. Mtoto akakua. Siku hizi ni mwanabodaboda hapa mjini, na akiniona hupiga honi mpaka naona haya.

Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi baada ya hapo, wakali na wapole, na nilistaafu nikiwa nimeridhika. Corona ilipokuja, majirani walikuwa wananiuliza mimi kabla ya redio, na nilifurahi, sitaficha.

Mwezi uliopita mke wa mwanangu alijifungua mjukuu wangu wa kwanza. Nikafunga safari na kuku wangu, pua inachuruzika. Mkaza mwanangu akanikuta mlangoni. "Mama, uko na homa. Kaa hapo kwa benchi, nakuletea chai."

Niliumia jamani. Mimi, kuambiwa hivyo, na hamu yote ile ya kumbeba. Nikaketi juani nikiwa nimenuna kama mtoto. Mara dirisha likafunguliwa wazi, na mjukuu wangu akainuliwa pale, amefungwa blanketi mbili.

Nikavuta barakoa iliyokuwa kidevuni ikafunika pua, nikapiga vigelegele nikiwa palepale kwenye benchi.