Nilivyomrudisha Mchungaji nyuma ya foleni ya bomba, Mahajanga

Wakuu, wanaonizidi umri shikamooni, wengine nimeshawaitikia.

Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja, niko Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Shule nilikanyaga miaka miwili tu. Kiswahili alinipa marehemu mume wangu, mtu wa Tanga. Haya niliyafanya mwenyewe, sina haja ya kutia chumvi.

Tulikuwa tumepata uhuru juzijuzi. Wakati huo nilikuwa nakaa Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso. Tukaletewa na serikali bomba moja, maji asubuhi tu, kisha kimya.

Watu wakanichagua nishike ufunguo na kupanga foleni.

Mzee wa kanisa letu akanuna. Eti mwanamke wa kanisani hafai kuingia mambo ya serikali.

Lakini Mchungaji alikuwa ametufundisha mambo ya Waprotestanti wa kale: anayefagia vizuri anamtumikia Mungu sawa na anayehubiri, na kumhudumia jirani mtaani nako ni ibada. Nikayameza mazimamazima.

Jumapili moja ya ubatizo, huyo Mchungaji mwenyewe, koti jeusi, ndoo mbili. Akawapita watu wote hadi mbele.

Nikamwambia, "Mchungaji, mkia wa foleni uko kule kwa Bi Echati."

"Mama, kuna watoto wanasubiri kubatizwa."

"Na hawa wana watoto wanasubiri uji."

 Mzee wa kanisa, aliyekuwepo pale, akanikazia macho, akasema kesho ufunguo nitautapika. Jamani, kazi ile niliipenda kuliko pete ya dhahabu. Lakini zamu sikumpa.

Mchungaji akarudi nyuma, akasimama.

Bi Echati, Mngazija, Mwislamu safi, akajaza ndoo yake. Zamu ya Mchungaji ikafika, maji yakakatika. Kavu!

Bi Echati akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akammiminia nusu. "Hii ya watoto. Chai ya wageni wako usinihesabie."

Jumatatu mzee wa kanisa akaja, mkono kaunyoosha. Mchungaji yuko nyuma yake.

"Mwachie ufunguo," akasema. "Mimi ndiye niliyechelewa kuamka."

Niliushika mpaka nilipohamia huku Nosy Be.

Nilichojifunza: imani isiyoweza kupanga foleni, mimi siitaki.

Haya, ninyi mngempisha? Semeni wazi, bibi hanuni.