Maji ya Kupasulia

Leo bomba halitoi. Nimeweka majani ya mwembe juu ya ndoo ili maji yasimwagike ngazini, na harufu yake imenirudisha Newala, chumbani kwa daktari.

Nilimshikia mama khanga. Daktari aliweka vidole kinenani, akamwambia akohoe.

"Sina kikohozi, daktari."

"Kohoa tu, mama."

Alikohoa, na ule uvimbe tuliouita mshipa ukachomoza kama bibo changa la mkorosho.

"Hii ni ngiri. Haiponi kwa kuchua, tutapasua kesho. Nunueni glavu na uzi duka la dawa, na mje na ndoo ya maji, hapa hatuna. Ila usibebe kitu kizito."

"Nimesikia, daktari."

Baba alikuwa Tandahimba, anapakia magunia ya wanunuzi wa korosho. Mimi nilikuwa mdogo, bado nabeba kidumu tu, na maji yalikuwa kisimani, bondeni.

Asubuhi nesi alipokea ndoo iliyojaa pomoni, majani yakielea juu.

"Nani kaipandisha kutoka bondeni?"

"Mimi," alisema mama, kiganja kimekandamiza kinena.

Nesi alikitazama kile kiganja. Kisha akayatoa majani, akampelekea daktari maji anawe.