Pumzi Kabla ya M

Mwaka juzi nilipata kibarua Bariadi cha kuandika Kisukuma kutoka kwenye rekodi. Mratibu wetu, dada wa Lagangabilili aliyesomea isimu, alinikabidhi hedifoni na kunionya niandike ninachosikia, si ninachokijua.

Siku ya kwanza nilichemka. Kila mzee aliyeitikia salamu kwa kusema mhola, mimi niliandika "mola". Dada akacheka, akanishikisha kioo chini ya pua na kunitaka nitamke. Kioo kikaingia ukungu. Akanieleza kwamba neno lile lina undugu na kupoa: zamani palikuwa na p, lakini kwa kukaa jirani na m ikayeyuka, ikabaki pumzi inayotokea puani. Katika maandishi yetu pumzi hiyo ilikuwa duara dogo chini ya m. Wiki nzima nilitembea mjini nikipumulia kioo, mpaka bodaboda mmoja akaniuliza kama nina mafua.

Kisha nikatumwa kwetu Kimali kumrekodi bibi, mama yake mama. Nilimwomba aseme neno moja moja, polepole. Hapo nikaharibu. Alikaa wima, akafunga kitenge upya, akatamka kama anayesoma somo kanisani, kila sauti imesimama peke yake. Sikupata duara hata moja.

"Mjukuu wangu," akasema mwishowe, "unaniuliza maneno. Niulize habari."

Nikamuuliza alivyompata babu.

Akaegemea ukuta, na maneno yakaanza kukimbia. Babu alikuwa akileta ng'ombe kisimani kwa kina bibi, ingawa kwao mwenyewe kulikuwa na kisima cha karibu zaidi. Kila akimsalimu, kiangazi kizima, bibi alimjibu mhola duhu, njema tu, bila kuinua macho kwenye ndoo. Siku moja babu hakuja, wala kesho yake. Bibi akamuuliza kaka yake, akijifanya anatania, akaambiwa mtu yule ana malaria. Akapika uji, akaenda nao mwenyewe.

Mama alikuwa mlangoni akimenya karanga. Akaacha. Miaka yote alidhani wazazi wao ndio waliowakutanisha bibi na babu.

"Wazazi walikuja baadaye," bibi akasema.

Kuiandika rekodi ile kulinichosha kuliko zote, maana sauti zilipandana, na kicheko kiliingia katikati ya maneno. Mama aliomba nakala kwenye simu yake. Huisikiliza akipika.