Kifuta machozi cha ng'ombe wa mama: ngozi ndiyo ilituokoa

Wakuu, habari za majukumu.

Hii siyo chai. Nilikuwepo mwenyewe, anayebisha aje Mabatini nimwoneshe picha.

Mnanijua humu kwa kupinga kila kitu. Serikali ilipotangaza kifuta machozi kwa wafugaji waliopoteza mifugo kwenye mafuriko, nilicheka. Nikamwambia mama asichome nauli.

Mama ana duka mjini, lakini alikuwa na ng'ombe wake mmoja Sengerema, kwa Mzee Masanja, rafiki wa marehemu baba.

Kwa wasiojua, kwetu Wasukuma unaweza kumpa rafiki ng'ombe akufugie. Maziwa yake, ndama wako. Hamuandikiani chochote.

Ndama wa huyo ng'ombe ndio walionisomesha chuo. Mto ukafurika, akafa.

Mama akaenda. Nikamfuata, nikashuhudie tunavyopigwa.

(Siku hizi unapita darajani tu. Wale samaki wa kukaanga wa Kigongo, tuliowala tukisubiri kivuko, nani atatulipa?)

Mkutano wa malipo ulikuwa kwenye uwanja wa kijiji. Ofisa mifugo, dada mmoja mpole, akaeleza kwamba malipo yatakwenda kwa mwenye zizi alimokuwa mnyama.

Nikanyoosha mkono. Je, kama ng'ombe si wa mwenye zizi?

Akasema basi mwenyewe alete ushahidi.

Minong'ono. Mizoga ilishafukiwa kitambo. Mama akainamisha kichwa, nami nikaona ng'ombe wetu anakufa mara ya pili, safari hii kwa swali langu.

Mzee Masanja akainuka, akaiendea baiskeli yake, akarudi na ngozi kavu begani.

Hapa ndipo mila ilipo, wakuu. Ng'ombe wa mtu akifia kwako, unamchuna na kumtunzia mwenyewe ngozi. Bila ngozi, umemla.

Akaitandaza mbele ya meza. Nyekundu, baka jeupe ubavuni, chapa ya baba pajani.

"Huyu ni wa shemeji yangu yule pale," akasema. "Mimi nimekunywa maziwa tu. Mwandike yeye."

Mama akaipapasa ile chapa. Ofisa akaandika jina lake.

Kuona hivyo, waliofuga ng'ombe wa wenzao wakatimka makwao. Baada ya muda uwanja umejaa ngozi kama mnadani. Harufu msiulize. Dada wa watu anaandika huku kaziba pua, anacheka.

Pesa ikaingia kweli. Ile meseji ya malipo niliikagua nikijua ni matapeli, mpaka mama akaninyang'anya simu yake.

Ilitosha mtamba. Tukamnunua mnadani, na mama akamkabidhi Mzee Masanja palepale.

Nikauliza, kwa nini tena kwake, bila hata karatasi?

"Sasa wewe na degrii yako," mama akasema, "utamfuga kwenye kochi?"

Mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha akampa mtamba jina. "Huyu ni Maswali. Tangu tumnunue hajanyamaza, kama mwanangu huyu."

Somo langu: endelea kuuliza, ila jibu zuri likija usilifukuze kwa sababu tu hukulitegemea.

Kwenu je, ng'ombe wa mtu akifia mikononi mwenu mnafanyaje? Shusheni hapa, nasoma yote.

Nitachelewa kujibu. Niko Sengerema nimekuja kumsalimia Maswali, na sasa hivi anatafuna mkanda wa begi langu.